Kubadilisha goti lenye matege: mguu hunyookaje, na kwa nini ni lazima unyooke

Kila baada ya muda huzuka picha mbili zilizounganishwa na kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Katika ya kwanza mama mtu mzima amesimama, visigino vinagusana lakini magoti yameachana hadi mtoto angeweza kupitisha mpira katikati. Katika ya pili ni mama yuleyule baada ya kubadilishwa magoti yote mawili, na miguu imenyooka. Maswali hufuata hapohapo. Wamemvunja mifupa? Mwanangu ana matege, naye apelekwe? Mbona mjomba alibadilishwa goti na mguu wake haukubadilika umbo? Hakosi pia wa kusema kwamba huko ni kupoteza pesa, mgonjwa angepewa maji ya bamia.

Naandika haya kwa sababu wazee wetu wengi hukaa na maumivu kwa miaka huku wakisubiri majibu ya aina hiyo yafanye kazi, na wanapofika hospitali mfupa umeshaliwa. Kwa goti lenye matege, kunyoosha mguu si urembo wa nyongeza unaofanywa baada ya kazi kuisha. Kwa sehemu kubwa ndiyo kazi yenyewe. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini daktari anataka picha ya mguu mzima badala ya goti tu, kwa nini upasuaji wa jirani ulichukua saa moja na wa shangazi ukachukua mbili, na kwa nini watu wawili wenye maumivu yanayofanana wanaweza kushauriwa mambo tofauti.

Goti, gegedu na matege

Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kimfupa cha duara kiitwacho pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe lenye utelezi linalofanya mifupa isuguane bila kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndiyo maana linaweza kuanza kusagika bila mwenye goti kusikia chochote, na likishasagika halijijengi upya kama mfupa uliovunjika unavyounga. Upande wa ndani na upande wa nje wa goti kuna kano, kamba ngumu zinazofunga mfupa wa juu na wa chini ili goti lisiyumbe.

Gegedu linapokwisha na mfupa ulio chini yake ukaanza kubadilika, tunasema goti limesagika. Hospitalini huitwa osteoathraitisi. Usiuchanganye na ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, mara nyingi ukianzia kwenye vidole vya mikono yote miwili. Huo una dawa zake za kuuzuia, na wote wawili mitaani huitwa baridi yabisi.

Matege ni kupinda kwa mguu kiasi kwamba goti linasogea nje. Watoto wote huwa nayo kidogo. Mtoto anayeanza kutembea miguu yake imepinda kwa nje, na hali hiyo hujinyoosha kuelekea mwaka wa pili. Akifika miaka 3 au 4 magoti huelekea kugongana, na kufikia miaka 7 hivi miguu huwa imekaa sawa. Kumbeba mtoto mgongoni hakuleti matege, na mama aliyelaumiwa kwa hilo hana kosa. Mtoto wa kupelekwa hospitali ni yule ambaye matege yake yanazidi badala ya kupungua baada ya miaka 2, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine. Hapo hutafutwa upungufu wa vitamini D na kalsiamu, au ugonjwa wa Blount ambapo sehemu ya ndani ya juu ya muundi inakua polepole kuliko ya nje.

Kwetu kuna sababu nyingine isiyotajwa vya kutosha. Kwenye miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, maeneo kama Ngurdoto na Maji ya Chai, maji yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko hupita kiwango hicho kwa mbali. Watu wanaifahamu floraidi kwa meno ya kahawia, lakini ikizidi sana utotoni huathiri na mifupa inayokua, miguu ikapinda. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza floraidi hiyo. Kule Ngurdoto kuna kituo kilichofanya utafiti wa kuichuja kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtu aliyepinda miguu utotoni kwa sababu hiyo anaingia utu uzima na magoti yaliyokwisha kuwekwa kwenye hatari.

Hata hivyo, wazee wengi tunaowaona na matege hawakuwa nayo ujanani. Goti lao lilisagika upande wa ndani, nafasi ya upande huo ikafungwa, na mguu ukainama taratibu kufuata upande uliokwisha. Matege yao ni matokeo ya ugonjwa, na papo hapo yanauongeza.

Mstari wa uzito

Jambo moja likikukaa kichwani katika makala haya, liwe hili. Chora kwa mawazo mstari kutoka katikati ya nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kilipo, ushuke hadi katikati ya kifundo cha mguu. Uzito wa mwili hufuata mstari huo. Kwa mguu ulionyooka, mstari unapita karibu na katikati ya goti, na mzigo unagawanywa pande zote mbili. Mgawanyo wenyewe si nusu kwa nusu: tukitembea, upande wa ndani hubeba asilimia 60 hadi 70 hata kwa mtu asiye na tatizo lolote. Ndiyo sababu kusagika kwa ndani, pamoja na matege yake, kunaonekana zaidi kuliko kule kwa magoti kugongana.

Mguu wenye matege goti lake limetoka nje ya mstari. Mstari unapita upande wa ndani wa goti, na kwa matege makubwa unapita hewani kabisa, pembeni mwa goti. Upande wa ndani unabeba karibu kila kitu. Na mzigo wenyewe si mdogo. Madaktari wa hospitali ya Charité mjini Berlin waliweka ndani ya magoti bandia vipimo vinavyotuma taarifa kutoka mwilini mwa wagonjwa, wakaona kwamba kutembea tu kunaliweka goti chini ya mzigo wa takriban mara 2.6 ya uzito wa mtu, na kushuka ngazi takriban mara 3.5. Mtu wa kilo 70 akishuka ngazi, goti lake linabeba karibu kilo 240 kwa kila hatua. Sasa mzigo huo uubane kwenye upande mmoja wenye gegedu lililokwisha.

Kinachofuata ni mzunguko mbaya. Gegedu la ndani likipungua mguu unazidi kupinda, ukipinda mzigo unazidi kwenda ndani, na gegedu linaisha kwa kasi zaidi. Leena Sharma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliwafuatilia wagonjwa wa magoti yaliyosagika kwa miezi 18. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wenye matege walikuwa na uwezekano wa takriban mara 4 wa ugonjwa kusonga mbele upande wa ndani.

Dereva yeyote anaijua hali hii. Tairi la gari lenye alaimenti mbovu huliwa upande mmoja. Ukinunua tairi jipya, hata liwe la bei gani, ukalifunga bila kurekebisha alaimenti, litaliwa upande uleule. Goti bandia lililowekwa kwenye mguu ulioachwa na matege makubwa litakuwa na mzigo wote upande wa ndani: plastiki yake italika mapema, na kile kisahani cha chuma kinachokaa juu ya muundi kinaweza kulegea na kuzama kwenye mfupa.

Kinachofanyika ndani ya chumba cha upasuaji

Watu wengi hudhani goti zima hung'olewa na kuwekwa la chuma. Sivyo. Zinazoondolewa ni nyuso za mifupa, kipande cha unene wa milimita 8 hadi 10 hivi kila upande pale penye afya. Mfupa wa paja huvalishwa kofia ya chuma, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu; juu ya muundi huwekwa kisahani cha chuma, na katikati yake plastiki ngumu. Vipande hivyo hushikishwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Misuli yako, kano zako za pembeni na ngozi yako having'olewi. Wengi hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, hawalazwi usingizi kabisa.

Mfupa hauvunjwi ili mguu unyooke, wala haukunjwi. Siri iko kwenye pembe ya kukatia. Chukua muundi wa mtu mwenye matege: upande wa ndani umeshaliwa na uko chini, upande wa nje bado uko juu. Daktari hukata sehemu ya juu ya muundi kwa mstari unaoukingama mhimili wa muundi kwa nyuzi 90, si kwa kufuata uso ulioliwa. Matokeo yake upande wa nje unatoka kipande kinene, milimita 8 au zaidi, na upande wa ndani unatoka kipande chembamba sana, pengine hakitoki kitu. Kile kilichokatwa kinakuwa na umbo la kabari. Kwa mfupa wa paja hukata kwa kuinamisha kifaa nyuzi 5 hadi 7 hivi kutoka kwenye mhimili wa mfupa wenyewe, kwa kuwa mfupa wa paja haushuki wima kutoka nyonga. Umekaa kwa mshazari. Kofia na kisahani vikikaa juu ya mikato hiyo, nyonga, goti na kifundo hurudi kwenye mstari mmoja.

Ingekuwa mifupa tu, kazi ingeishia hapo. Kinachowapa madaktari shughuli ni kano. Mtu aliyeishi na matege kwa miaka 15, kano yake ya ndani imejikunyata kwa sababu ilikaa imelegea siku zote, na ya nje imevutika. Mifupa ikishakatwa vizuri, nafasi iliyobaki kati ya paja na muundi inakuwa nyembamba ndani na pana nje. Ukiweka goti bandia hivyo hivyo, mguu utavutwa kurudi kwenye matege, au goti litakuwa limekaza upande mmoja na kuyumba upande wa pili. Mgonjwa wa namna hiyo atakuambia goti "linamkimbia" akishuka ngazi, hata kama picha ya eksirei inaonyesha mguu ulionyooka.

Kwa hiyo kano hulegezwa, na hulegezwa kwa hatua. Kwanza huondolewa miiba ya mfupa, vile vinundu vinavyoota pembeni mwa goti lililosagika. Vinundu hivyo vinaisukuma kano ya ndani itoke nje na kuifanya ikaze, na mara nyingi kuviondoa peke yake kunarudisha nyuzi kadhaa. Hapo daktari anapima tena, goti likiwa limenyooshwa na likiwa limekunjwa nyuzi 90, kwa sababu goti linaweza kuwa sawa katika hali moja na kukaza katika nyingine. Kama bado limebana, huachilia tabaka la ndani kabisa la kano kutoka kwenye mfupa, kisha sehemu za nyuma. Baadhi hupunguza kidogo ukingo wa ndani wa muundi ili kano ipate nafasi, wengine hutoboa kano matundu madogo kwa sindano ili irefuke kidogo kidogo. Kila hatua hufuatwa na kipimo. Ukizidisha, kano inaachia kabisa, na itabidi litumike goti la aina nyingine linalojishikilia lenyewe.

Mafundisho haya ya kusawazisha kano hayakuanza jana. Mnamo 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck alijaribu kuweka goti lenye bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu, na maambukizi yakamshinda. Goti linalofanana na la leo lilikuja katika miaka ya 1970, na John Insall wa New York ni miongoni mwa waliosisitiza kwamba kukata mfupa na kusawazisha kano ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Leo zipo kompyuta na roboti za kumsaidia daktari kukata kwa pembe aliyoipanga. Roboti haiamui pembe hiyo. Mgonjwa anayeambiwa kwamba hospitali fulani ina roboti bado anapaswa kuuliza daktari mwenyewe amewahi kunyoosha magoti mangapi yaliyopinda kama lake.

Kuna tatizo la tatu kwa matege makubwa: shimo. Mfupa wa ndani wa muundi unakuwa umeliwa kiasi kwamba hata baada ya kukata, kisahani hakina pa kukalia upande huo. Shimo dogo, milimita chache, hujazwa kwa saruji. Kubwa zaidi hujazwa kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliotoka kwenye vile vipande vilivyokatwa, au kwa vibao vya chuma vinavyofungwa chini ya kisahani, pamoja na mti mrefu wa chuma unaoingia ndani ya mfupa ili kugawanya mzigo. Vyote hivi huongeza muda wa upasuaji na gharama. Ndiyo hasara ya kusubiri: mtu mwenye matege ya nyuzi 8 kwa kawaida anahitaji goti la kawaida, na akikaa miaka mingine 6 akafika nyuzi 25, anaweza kuhitaji vipande ambavyo kila hospitali haina.

Mguu unyooke kiasi gani?

Hapa madaktari wenyewe hawajakubaliana, na nadhani wagonjwa wana haki ya kulijua hilo. Kwa miongo kadhaa lengo lilikuwa moja: mguu uwe sufuri, yaani mstari wa uzito upite katikati ya goti, na kosa lisizidi nyuzi 3 upande wowote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 uliwaunga mkono waliosema hivyo. Katika magoti 115, yaliyokuwa na mstari ndani ya eneo la katikati yalilegea asilimia 3, na yaliyotoka nje ya hapo asilimia 24. Kisha mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakaangalia magoti 398 baada ya miaka 15 na hawakuona kwamba yale yaliyonyooka ndani ya nyuzi 3 yalidumu kuliko mengine.

Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji wakaongeza swali jingine. Waliwapima vijana 250 wenye magoti mazima, wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Mtu aliyezaliwa hivyo na kutembea hivyo maisha yake yote, kwa nini alazimishwe sufuri? Kutokana na hoja hiyo, sasa wapo madaktari wanaourudisha mguu kwenye umbo lake la kabla ya ugonjwa, wakiacha nyuzi mbili tatu za matege, ili wasilazimike kulegeza kano sana.

Mjadala huu usimtishe mtu. Ni wa nyuzi chache. Hakuna upande unaosema matege ya nyuzi 20 yaachwe. Na ndiyo jibu la yule mjomba ambaye mguu wake haukubadilika umbo: pengine alikuwa na matege kidogo tangu mwanzo, au daktari wake alimwachia kiasi kwa makusudi, au alibadilishwa nusu ya goti tu.

Hiyo nusu goti huwafaa ambao ugonjwa uko upande wa ndani pekee, kano zote ziko imara, na matege yao bado yananyooka daktari anapousukuma mguu kwa mkono. Matege yaliyokwisha kukakamaa hayafai. Kwa aliye na miaka 40 au 50 na kitu, mwenye kazi ya nguvu, na aliyesagika upande wa ndani tu, kuna njia ya tatu: muundi hukatwa chini kidogo ya goti na kufungwa kwa chuma ukiwa umenyooka, goti lake la asili likabaki. Hapo ndipo mfupa hukatwa kwa makusudi ili uungane upya. Mtoto naye habadilishwi goti kwa ajili ya matege. Ikibidi, huwekewa kibati kidogo upande mmoja wa sehemu ya mfupa inayokua, upande wa pili ukaendelea kukua hadi mguu unyooke, kisha kibati hutolewa. Kijana mwenye matege yasiyouma ambaye anataka tu miguu ipendeze, goti bandia si lake kabisa.

Yanayosemwa mitaani

Maji ya bamia na supu ya makongoro ni chakula kizuri. Ute wa bamia ukimezwa humeng'enywa tumboni kama chakula kingine; hauna njia ya kwenda kukaa kwenye goti. Na goti lililosagika halijaishiwa ute, mara nyingi limejaa maji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kukandwa na kuvutwa mguu na fundi hakuwezi kunyoosha matege ya mtu mzima, na kwa mzee mwenye mifupa dhaifu kunaweza kuuvunja. Kifaa cha kufunga goti na viatu maalumu hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu. Huondoi matege kwa hivyo.

Kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja ni tiba ya kweli, tena ya kwanza, na wapo wengi ambao kwa hayo pamoja na dawa za maumivu hawajahitaji kisu. Mtu asisukumwe kwenye upasuaji kwa sababu ya picha tu. Sababu ya kufanyiwa ni maumivu yanayokuamsha usiku na kukufungia ndani, yaliyoshindikana kwa njia nyingine.

"Goti la chuma halidumu" ni kauli ya zamani. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 yanafika miaka 25. Ukweli mwingine usemwe pia: takriban mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki sana na goti lake jipya, wengine kwa sababu maumivu yalibaki, wengine kwa sababu walitarajia goti la miaka 20. Maambukizi hutokea kwa mtu 1 au 2 kati ya 100, na ni janga yakitokea, hivyo kisukari kidhibitiwe na jino bovu litibiwe kabla. Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu nako ni hatari, ndiyo sababu ya dawa za kuzuia na ya kuamshwa kitandani mapema.

Swali la sijda na kupiga magoti nimeliona likiwazuia watu wengi, hasa wazee wa pwani. Goti bandia kwa kawaida hukunja nyuzi 110 hadi 120. Kupiga magoti hakuliharibu, ila wengi huona halistareheki, na mkao wa sijda unataka kukunja zaidi ya hapo. Uislamu umemruhusu asiyeweza kusimama au kusujudu aswali ameketi. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu; ni vizuri familia itengeneze cha kukalia kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Kabla na baada

Mgonjwa mwenye matege asikubali kupangiwa upasuaji kwa picha ya goti peke yake iliyopigwa amelala. Inahitajika picha akiwa amesimama, uzito ukiwa juu ya mguu, na kwa matege makubwa picha ndefu kutoka nyonga hadi kifundo. Picha hiyo ndiyo inayoonyesha kama kupinda kuko kwenye goti au kuko katikati ya mfupa, kwa mfano paja lililovunjika zamani likaunga vibaya. Kupinda kwa mbali na goti kunaweza kuhitaji upasuaji wake peke yake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya ni kati ya mahali ambapo magoti hubadilishwa kwetu, huna haja ya kudhani ni lazima India. Uliza: matege yangu ni nyuzi ngapi? Nitahitaji vibao vya ziada au mti mrefu, na vipo? Bima inalipia kipandikizi chote au sehemu?

Mguu ukinyooka huongezeka urefu kidogo. Kama mguu wa pili bado una matege, utausikia mpya kuwa mrefu, na wiki za kwanza utatembea ukihisi umepanda juu ya kitu. Wengi huzoea, na wengine huwekewa soli nene kwenye kiatu cha upande wa pili hadi mguu huo nao ufanyiwe. Magoti yote mawili kwa siku moja inawezekana kwa mwenye moyo na mapafu imara; kwa mzee mwenye shinikizo la damu lisilotulia, kupumzika miezi kadhaa katikati ni salama zaidi.

Kutembea na fremu huanza siku hiyohiyo au kesho yake. Mazoezi ndiyo mtihani, kwa sababu goti lililopinda kwa miaka mara nyingi lilikuwa pia halinyooki kabisa kwa nyuma, na litataka kurudi huko. Ndugu wa mgonjwa kwa huruma humwekea mto chini ya goti alale vizuri. Usiuweke. Kunja taulo uweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lishuke lenyewe linyooke, dakika 10 au 15 mara kadhaa kwa siku, hata akilalamika, na mtaalamu wa mazoezi tiba aonyeshe mengine kabla hamjatoka wodini.